Alisema Mara Moja Tu

Siku ile mjinga alikuwa Fundi. Msihangaike kumtafuta mwingine. Mwalimu hakuwa mjinga, na mtoto ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Mjinga alikuwa yeye, mwanamume mzima, aliyevaa shati lake la kutokea, akapiga viatu rangi, akaenda shuleni kumwonyesha mwalimu namna ya kufundisha. Hata leo husema hivyo mwenyewe. Husema huku akicheka, kisha hugeuka haraka kutafuta nyundo ambayo iko mkononi mwake.

Fundi alikuwa mtu wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, hatua sita tu kutoka mlangoni. Tangu asubuhi grainda, mashine ya kusagia chuma, ililia, cheche ziliruka, nyundo iligonga. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile watu hawakuongea. Walipiga kelele.

"Chumvi iko wapi?" mke wake aliuliza, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Juu ya kabati!" Fundi alijibu, kama mtu aliyeko ng'ambo hiyo.

Mgeni alidhani wanagombana. Majirani walikwisha kuzoea.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la tano. Huyo hakupiga kelele. Hata kuongea kwenyewe aliongea kwa shida. Ukimsalimu aliitikia kwa midomo tu, sauti haikutoka. Wageni wakija, aliyeyukia chumbani. Akiulizwa swali, baba yake alijibu.

"Unasoma darasa la ngapi, mama?"

"La tano huyo!"

"Na unapenda somo gani?"

"Hesabu! Kama baba yake!"

Mtoto alisimama pale kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

Fundi alimpa jina la utani: Kufuli. "Mimi natengeneza mageti," aliwaambia wateja, "na kufuli nimelizaa mwenyewe." Wateja walicheka. Mtoto alitabasamu kidogo, akaangalia chini. Fundi aliona tabasamu lile, akadhani mambo ni sawa.

Hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe alipita njia hiyo hiyo. Ujanani alijifunza kazi kwa bwana mmoja mkali. Bwana yule alimwita Kobe, alimcheka mbele ya wateja, na siku nyingine alimrushia koleo. Siku moja kijana akachoka. Akamjibu bwana wake kwa mzaha mkali zaidi, karakana nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo hakumwogopa mtu. Basi Fundi aliamini hivyo ndivyo aibu inavyotibiwa. Unaichokoza mpaka inatoka yenyewe.

Muhula wa pili ikaja barua kutoka shuleni. Mke wake, ambaye alikuwa mfagizi wa ofisi, aliisoma akiwa bado amevaa sare ya kazi.

"Binti yenu hajibu maswali wala haulizi. Kwenye imla anaacha nafasi tupu. Mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusoma na kujibu kwa sauti. Asipoufanya, atarudia darasa. Karibuni siku ya wazazi tuzungumze."

"Arudie darasa?" mama alipaza sauti. "Huyu? Daftari lake la hesabu halina hata kosa moja!"

"Ni aibu tu hiyo," Fundi alisema. "Siku hiyo wewe uko kazini. Niachie mimi."

"Nikuachie wewe? Mara ya mwisho nilikuachia sufuria."

"Si nikaichomelea?"

"Na inavuja mpaka leo."

Siku ya wazazi, Fundi na wenzake waliketi nyuma ya darasa, kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Watoto walikuwa arobaini na zaidi. Binti yake aliketi dawati la mwisho, amejifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya masikio. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya taratibu. Alisimama karibu na dirisha, upande wa kushoto. Aliuliza swali, kisha akamtaja binti wa Fundi kwa jina lake.

Mtoto hakuinuka. Mwalimu akamtaja tena. Jirani yake wa dawati akamgusa. Hapo akasimama. Aliukazia macho mdomo wa mwalimu, na hakusema kitu.

Na hapo ndipo Fundi alipoona saa yake imefika.

"Mwalimu, samahani!" alisema kwa sauti ya karakana. "Hilo ni kufuli, na ufunguo wake ninao mimi!"

Darasa likacheka. Wazazi wakacheka. Fundi akapita katikati ya madawati, akamwinua mtoto, akamsimamisha juu ya kiti.

"Haya, mwanangu! Waambie wewe ni binti wa nani! Moja, mbili, tatu!"

Kimya.

"Tatu na nusu!"

Darasa likavunjika mbavu. Mtoto akainua mkono wa kushoto, akalishika sikio juu ya kitambaa, kama mtu anayelificha. Mkono ulipotoka pale ulikuwa umelowa. Kitambaa nacho kilikuwa na doa bichi la njano.

Mtoto wa dawati la mbele akaziba pua. "Linatoka tena," akasema.

"Tena?" mwalimu aliuliza.

Fundi alikuwa bado ameinua mkono wake hewani, vidole vitatu vimenyooka na cha nne kimekunjwa nusu.

Mwalimu alimshusha mtoto kitini polepole. Akawapa darasa kazi ya kuandika, akawachukua baba na binti mpaka kwenye chumba kidogo chenye maboksi ya chaki na ramani zilizokunjwa. Hakumuuliza mtoto kwa mdomo. Alichukua karatasi na penseli, akaandika: "Upande gani husikii vizuri?" Akampa penseli.

Mtoto aliitazama penseli. Kisha akaandika haraka, kana kwamba jibu lilikuwa limekaa vidoleni siku nyingi. "Kushoto."

"Tangu lini?"

"Mvua zilipoanza."

Fundi akahesabu kichwani. Miezi saba.

"Kwa nini hukuniambia?" mwalimu aliandika.

"Nikiomba kurudiwa wananicheka. Na wanasema nanuka."

"Nyumbani ulimwambia nani?"

Penseli ikasimama. Mtoto akamtupia baba yake jicho moja, akainama tena. Akaandika: "Baba. Mara moja. Mashine ilikuwa inalia. Alisema sawa."

Fundi alisoma mstari ule. Akausoma tena. Alijaribu kukumbuka siku hiyo, asubuhi hiyo, kazi gani aliyokuwa nayo mkononi. Hakukumbuka kitu. Alikuwa amewaambia sawa watu wengi, akiwa amevaa ngao usoni na grainda inaunguruma. Mmoja wao alikuwa mtoto wake, na hakumkumbuka.

"Lakini nyumbani anasikia!" alisema. "Nikimwita anakuja!"

"Huwa unamwitaje?" mwalimu aliuliza.

Fundi akamwonyesha. Vioo vya dirisha vilitikisika. Darasa la jirani lilinyamaza ghafla, na watoto wawili waliokuwa uani wakaja mlangoni mbio.

"Nimeelewa," mwalimu alisema. "Hata mimi ningekuja."

Kesho yake walikwenda zahanati, baba, mama na mtoto. Tabibu wa masikio alikuwa mzee mwembamba mwenye taa ndogo kwenye paji la uso.

"Lilianza lini kuuma?"

"Juzi juzi tu," Fundi alijibu bila kufikiri. Ulimi ulikuwa umezoea.

"Nimemuuliza mwenye sikio," tabibu alisema.

Akasubiri. Fundi akafungua kinywa tena. Mke wake akamkanyaga mguu.

"Mvua zilipoanza," mtoto alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Liliuma sana. Halafu likaacha. Halafu likaanza kutoa maji."

"Mlitia kitu?"

"Mama alitia mafuta mara moja, nilipokuwa na mafua, kabla halijaanza kuuma. Baadaye nilitia pamba mwenyewe."

Tabibu alilichunguza sikio kwa muda. Kisha akageukia wazazi. Aliwaeleza kwamba ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba, iliyowambwa kama ya ngoma. Mtoto akipata mafua mabaya, usaha unaweza kujaa nyuma ya ngozi hiyo na kuitoboa. Hapo maumivu hupungua, watu wakadhani amepona. Kumbe ugonjwa unaendelea ndani, na unaweza kula vifupa vidogo vinavyobeba sauti.

"Msitie mafuta," alisema. "Msichokonoe. Pamba isikae humo siku nzima. Maji yasiingie. Mtoto akisema sikio linauma, mleteni. Likitoa maji, mleteni hata kama haliumi."

"Na sasa?" mama aliuliza.

"Usaha nitaukausha. Harufu itakwisha. Lakini kusikia kwa sikio hili kumekwenda, mama. Sitawadanganya kwamba kutarudi."

"Tungemleta mwanzoni je?"

Tabibu alizima taa yake. Alikuwa anaijua familia hii kwa nusu saa tu, na tayari alitamani asingeulizwa swali hilo. "Wengi wakiletwa wiki za mwanzo," alisema, "dawa huwatosha."

Siku hiyo hakuna aliyepiga kelele katika nyumba ile. Mama aliketi na beseni mbele yake, akifua kitambaa cha mwanawe. Alikisugua hata baada ya doa kutoka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakifua," alimwambia mumewe. "Madoa nikiyaona. Nikadhani ni mafuta ya nywele."

Siku tatu Fundi hakuwasha grainda. Mteja mmoja alikuja kufuata geti lake, akakuta karakana kimya na Fundi ameketi juu ya vyuma.

"Vipi, Fundi, geti langu lipo?"

"Geti lipo," Fundi alijibu. "Fundi ndiye hayupo."

Jumamosi mwalimu akaja nyumbani. Hapakuwa na kiti cha maana, akaketi kwenye fremu ya kitanda ambayo haijapakwa rangi. Mtoto alikuwa ndani. Mama alileta chai.

"Nimekuja kuungama kwanza," mwalimu alisema. "Mimi ndiye niliyemweka dawati la mwisho. Wasumbufu niliwaweka mbele ili niwaone. Yeye hasumbui, nikamweka nyuma nikamsahau. Nikamwandika mvivu kwa sababu anaacha nafasi kwenye imla. Mtu anayeacha nafasi tupu badala ya kubahatisha ni mtu mkweli. Nilipaswa kujiuliza."

"Mwalimu, usijilaumu mbele yangu," Fundi alisema. "Foleni ya kulaumiwa hapa ni ndefu, na mimi nimesimama mbele."

"Sasa nisikilizeni. Kuna watoto wakimya kwa kuzaliwa. Huo si ugonjwa, na sitaki kumgeuza awe mpiga domo kama…"

"Kama mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa macho, mwalimu."

Mama alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Mwalimu naye akatabasamu, kisha akaendelea.

"Ninachotaka ni kitu kidogo. Akiwa na shida, aweze kuisema. Akiwa na jibu, apate nafasi ya kulitoa. Darasani kazi hiyo ni yangu. Sitamwita ghafla tena. Nitauliza swali, kila mtoto afikiri kwanza, aandike. Halafu wazungumze wawili wawili. Halafu ndipo tujibu mbele ya darasa. Mtoto aliyekwisha kumwambia mwenzake jibu, miguu haimtetemeki sana kuwaambia wote. Atakaa mbele, sikio lake zima likinielekea. Na nimempa kadi ya kijani. Akiiweka juu ya dawati najua hajasikia, narudia. Hana haja ya kusimama."

"Na wanaocheka?" mama aliuliza.

"Hao nimekwisha kuwa na mazungumzo nao. Hawakuyafurahia."

"Na sisi?" Fundi aliuliza. "Tupe kazi yetu."

"Wewe, Fundi, uanze na jina."

"Jina gani?"

"Unalijua."

Fundi alikwaruza kutu kwenye chuma kwa ukucha. "Ni utani tu ule, mwalimu. Hata mwenyewe hutabasamu."

"Mtoto hutabasamu pia ili jambo liishe upesi."

Fundi aliacha kukwaruza. Neno lile lilimwingia mahali ambapo koleo la bwana wake halikuwahi kufika. Alikumbuka kwamba na yeye, miaka ile ya kuitwa Kobe, alikuwa akitabasamu. Alikuwa amelisahau hilo. Alikuwa amekumbuka siku ile moja ya kushinda, akazisahau siku zote za kabla yake.

Mwalimu aliwaambia wasimjibie tena mtoto. Mtu akimuuliza kitu, wao wahesabu kimya kimya mpaka kumi, wamwachie nafasi. Kisha akatoa karatasi yenye sentensi tatu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. *Samahani, sijasikia, naomba urudie. Samahani, naomba kukaa upande huu. Naomba muda nifikirie.*

"Mtoto mwenye haya hakosi la kusema," alieleza. "Anakosa pa kuanzia. Mwanzo wake ndio huu. Afanyie mazoezi kwenu, kisha dukani kwa mtu anayemjua, kisha kwangu. Msimwanzishie kwenye darasa la watu arobaini. Hata wewe, Fundi, hukuanza kazi kwa kutengeneza geti."

"Nilianza kwa kuokota misumari."

"Basi mpe na yeye misumari yake."

Walianza jioni ile ile. Mama aliuliza jambo kwa sauti ya chini makusudi, mtoto akatakiwa kuomba kurudiwa. Fundi alihesabu moyoni. Alipofika saba jasho lilikuwa linamtoka. Tisa, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alimwona baba yake katika hali ile, akatabasamu. Safari hii lilikuwa tabasamu la kweli, hata mjinga angelitambua, na mjinga alilitambua.

"Samahani, mama, sijasikia. Naomba urudie."

Siku ya tatu wakamtuma dukani kununua mkate. Akarudi mikono mitupu.

"Muuzaji alinipa mgongo," alisema. "Aliniuliza kitu, sikusikia. Nikaondoka."

Fundi alikwisha kuvaa kiatu kimoja. "Ngoja niende mimi nikamwambie!"

"Kaa," mke wake alisema.

"Lakini mtoto…"

"Kaa, nimesema."

Akakaa, kiatu kimoja mguuni. Chai ya jioni ile waliinywa kavu.

Kesho yake mtoto akarudi dukani. Alikaa huko muda mrefu mno. Fundi alifungua mlango mara nne, akidai anaangalia bawaba. Mwishowe mtoto akatokea na mkate. Ulikuwa wa juzi, mgumu kama bati. Fundi alikula vipande vinne bila kutoa neno, na kwa mtu kama yeye, kula mkate ule bila mzaha ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu.

Halafu ikaja siku ambayo Fundi haisahau. Alikuwa akisaga dirisha. Akaona vivuli vya miguu midogo sakafuni. Mtoto alikuwa amesimama kando ya mashine.

"Baba, ukizima mashine nitakuambia kitu."

Fundi alizima. Akavua ngao. Akavua na glavu, ingawa hazikuwa na kosa.

"Sikio hili litapona?"

Mzaha ulimjia mdomoni kwa mazoea. Aliumeza. Alihesabu mpaka kumi, kisha mpaka kumi tena.

"Hapana, mwanangu. Halitapona."

"Tabibu alikwisha kusema. Nilitaka kulisikia kwako."

Fundi aliketi chini kwenye vumbi la chuma ili nyuso zao ziwe sawa. "Uliniambia," alisema. "Ulikuja hapa ukaniambia, nami nikasema sawa bila kukusikia. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto alifikiri. Alikuwa na haki ya kufikiri, kwa hiyo baba yake alisubiri.

"Nilirudi tena siku ya pili," alisema. "Ukaniona, ukawaambia wateja, kufuli hilo linakuja. Wakacheka. Nikarudi ndani."

Hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya mwalimu. Fundi aliinamisha kichwa kati ya magoti. Mabega yake yalitikisika, na hapakuwa na mashine ya kufunika sauti. Mtoto aliketi kando yake, sikio lake zima likimwelekea, akamshika mkono mpaka kilio kikapita.

Mtihani ulipofika, mwalimu alimwomba mwalimu mkuu ruhusa. Mtoto alisoma na kujibu katika chumba kile chenye maboksi ya chaki, mbele ya mwalimu na wanafunzi wawili aliowachagua mwenyewe. Aliomba kurudiwa swali mara mbili. Akafaulu, akaingia darasa la sita.

Huko mwanzoni akaja mwalimu mgeni wa muda. Akawapanga wanafunzi kwa urefu, naye binti wa Fundi akajikuta nyuma tena. Hapakuwa na mtu wa kumsemea. Alisimama, akatembea mpaka mbele, miguu ikitetemeka kiasi cha watu kuiona.

"Mwalimu, sikio langu la kushoto halisikii. Naomba kukaa kule, sauti yako inifikie."

"Kaa," mwalimu yule alisema. "Ahsante kwa kuniambia."

Ikaisha hivyo tu, kwa sentensi mbili. Wiki iliyofuata mtoto mwingine, aliyekuwa akinakili ubaoni kwa kukisia, alimfuata mwalimu akasema haoni mbali. Naye akahamishwa mbele, na wazazi wake wakaambiwa wampeleke kupimwa macho.

Msidhani kila kitu kilinyooka. Mtu mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Barabarani, honi ikipigwa, binti wa Fundi hugeukia upande usio sahihi. Mara mbili baiskeli ilimkosa kidogo. Kwa hiyo siku za shule baba yake humsindikiza asubuhi, akitembea upande wake wa kushoto, akiwa ndiye sikio hilo. Njiani hawapigi kelele. Fundi amejifunza kuongea polepole na kumtazama mtu usoni, na wateja wengine hudhani anaumwa. Karakanani, mtu akimsogelea, anazima mashine kwanza.

Likizo ilipofika akaja shangazi, dada mkubwa wa Fundi. Naye maneno yalimjaa kama mdogo wake. Aliketi upande wa kushoto wa mtoto, akainamia mkoba wake, akaanza kuuliza habari za shule huku akitafuta miwani.

"Samahani, shangazi," mtoto alisema. "Sijasikia. Naomba urudie ukiwa umenitazama."

Shangazi aliinua kichwa taratibu. "Umesema nini?"

"Naomba urudie ukiwa umenitazama."

"Mnamsikia?" shangazi aliwageukia wazazi. "Ananiamuru! Mimi, niliyembeba baba yake mgongoni!"

"Ameomba, wifi," mama alisema. "Hajaamuru."

"Ndivyo tulivyomfundisha, dada," Fundi akaongeza.

"Mmemfundisha kuwarudisha wakubwa nyuma? Sisi tulipokuwa wadogo, mkubwa akisema, hata kama hukusikia, unaitikia ndiyo."

"Ndiyo maana mpaka leo mimi na wewe hatuelewani."

"Usinifanyie mzaha wako! Nasema kweli. Mwaka jana mtoto huyu alikuwa na adabu. Unakaa naye kutwa nzima, humsikii hata kukohoa. Nilimsifu kila nilipokwenda. Leo mtoto wa kike ana mdomo, ana masharti, niketi hivi, nitazame vile. Adabu yake ile mmeipeleka wapi?"

Fundi alitaka kujibu. Mke wake alitaka kujibu. Mtoto aliwatangulia wote wawili. Aligeuza kigoda chake, akamkabili shangazi yake uso kwa uso, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia:

"Adabu ile, shangazi, imekwisha kunila sikio moja. Hili lililobaki nalitaka."